Matanga ya Lokichogio

Majengo, Mombasa
6 Machi 1995

Kaka Chengo,

Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Wazima wanakusalimu, na wagonjwa pia wanakusalimu.

Baba yuko vile vile ulivyomwacha Januari ulipokuja likizo. Mkono wa kulia hauna kazi, mguu wa kulia hauna kazi, ulimi mzito. Maneno yake tunayaelewa mimi na Mwikali, jirani wa chumba cha pili. Wengine huitikia tu ili wasimtie haya. Asubuhi nampa uji, namwekea maji karibu, nafunga mlango na kwenda Liwatoni kusafisha samaki. Nikirudi namkuta pale pale. Msimamizi wangu ameshaniambia kwamba nikizidi kuchelewa nitafute kazi ya kukaa nyumbani.

Linalonisumbua ni mgongo wake. Ameanza kutoka vidonda kwa kulala. Mimi ni mtoto wake wa kike, siwezi kumvua nguo babangu nikamwosha, na yeye yuko radhi aoze kuliko nimwone. Benard, mume wa Mwikali, humwogesha Jumapili akiwa hana zamu ya reli. Siku nyingine anakaa hivyo hivyo.

Sasa sikiliza. Mji wa Kale kuna nyumba wanayoiita Nyumba ya Mchana. Mwenyewe ni Bi Mirriam, muuguzi aliyestaafu. Watu wazima walio wagonjwa hupelekwa asubuhi, wakaoshwa, wakafungwa vidonda, wakapimwa sukari na presha, wakanyooshwa viungo, wakala, na alasiri wakarudishwa kwao. Wanaume huoshwa na mwanamume, anaitwa Joab. Zamani walipokea watu wa vichochoro vya karibu tu, wanaokwenda kwa miguu yao. Mwaka huu wameongezewa nyumba ya pili, na sasa wanachukua hata wasioweza kuinuka, hata sisi wa Majengo. Gari haliingii huku ndani, kwa hiyo Joab na mwenzake Seth huja na machela wakambeba mgonjwa.

Nafasi ni chache na wanaongoja ni wengi. Nimemwombea Baba, amepata. Lakini yeye anasema haendi popote mpaka mwanawe wa kwanza aseme. Basi sema, na useme upesi.

Nduguyo,
Kanze


Lokichogio
18 Machi 1995

Dada Kanze,

Barua yako imeletwa na dereva wa lori, imejaa vumbi kama sisi wenyewe. Hapa ndege za msaada zinapanda na kushuka kwenda Sudan, na mimi nawapikia marubani na makuli chungu kimoja, hakuna anayesifu na hakuna anayebakisha.

Sitakuficha, jambo hili limenikaa vibaya. Sisi hatujazoea kumpeleka mzazi kwa watu asubuhi kama mtoto wa chekechea. Watu wa kwetu Kaloleni wakisikia watasema Mzee Kitsao alizaa mawe. Lakini mgongo ni mgongo. Mimi niko mwisho wa nchi nageuza wali, siwezi kumgeuza baba yangu. Mwambie Chengo amesema aende.

Ila asipitishwe mjini kama gunia la makaa, kila mpita njia akichungulia mdomo wake ulivyopinda. Dereva atakuletea shuka mpya nyeupe. Baba afunikwe vizuri, kichwani mpaka miguuni, jua lisimpige na watu wasimtazame. Abebwe kwa heshima. Hilo ndilo sharti langu, na usilibishie kama kawaida yako.

Kaka yako,
Chengo


Majengo
5 Aprili 1995

Kaka Chengo,

Shuka yako ni nzuri sana. Imemfanya Baba maiti.

Usishtuke, yu hai, yumo humu ndani amegeukia ukuta. Ngoja nikueleze.

Jumatatu Joab na Seth walikuja mapema. Tukamlaza, tukamfunika kama ulivyoagiza. Wakaitia machela mabegani wakaondoka, nami nikaenda kazini roho nyepesi. Sasa, Joab ni mtu wa Siaya na Seth ni mtu wa Vihiga, hawana hata mwaka hapa. Wao hawajui Mombasa mtu akipitishwa mabegani, amefunikwa gubigubi kwa shuka nyeupe, maana yake nini. Mimi najua. Nimezaliwa Majengo, kaka, na sikufikiria.

Walipofika karibu na msikiti, wanaume waliokuwa barazani wakainuka. Unaijua desturi yao: jeneza likipita, kila mtu hutia bega, hata hatua chache tu, apate thawabu. Wakampokea Joab, wakampokea Seth. Joab anasema alifurahi, akasema moyoni kumbe watu wa Mombasa wana huruma hivi kwa wagonjwa. Mabega yakapokezana, mwendo ukawa wa mbio, watu wakaongezeka, tahlili ikapanda, na Joab na Seth wakabaki nyuma kabisa wakiwashukuru watu. Walipogundua kwamba ile si njia ya Mji wa Kale, machela ilikuwa imeshafika lango la makaburi.

Baba alikuwa akipiga kelele muda wote. Nani angemsikia, kwa ulimi ule na sauti zile? Mwishowe akautoa mkono wa kushoto nje ya shuka akamshika mtu sikio.

Watu walitawanyika. Mmoja aliruka ukuta. Akabaki mzee mmoja tu, akamfunua uso, akampangusa jasho, akamwambia, "Nisamehe ndugu yangu, sisi twalidhani umekufa." Wakamrudisha nyumbani, uso wazi.

Mtaa mzima umecheka. Hata mimi nilicheka, nimejifungia chooni. Baba hajacheka. Anasema machela hapandi tena. Bi Mirriam amekuja mwenyewe kuomba radhi, na amesema kuanzia sasa wagonjwa wote watabebwa kwa kiti, mtu amekaa, uso wazi, mwavuli juu. Baba amekataa hata hicho kiti. Anasema atakipanda siku Chengo atakapokuja kukishika upande mmoja kwa mkono wake, watu wale wale waone kwamba ni mtu mwenye mwana, anakwenda mahali na atarudi.

Bi Mirriam atamshikia nafasi mpaka katikati ya Juni. Zaidi ya hapo hawezi, kuna wenziwe wanaolala chini wakingoja. Njoo, kaka, hata siku mbili tatu. Kidonda hakingoji.

Kanze


Lokichogio
29 Aprili 1995

Dada Kanze,

Barua yako nimeipata. Nashukuru kusikia kwamba Baba yu hai.

Kuja sitaweza. Likizo yangu niliimaliza Januari na kazi zimekuwa nyingi, ndege zimeongezeka. Mwambie Baba apande kiti. Mwambie ni mimi niliyesema. Dereva ana dawa ya vidonda, mpokee.

Chengo


Majengo
14 Mei 1995

Kaka,

"Nashukuru kusikia kwamba Baba yu hai." Hivyo ndivyo mtu anavyoandikia ofisi. Nilirudia kutazama ndani ya bahasha nikidhani kuna ukurasa mwingine umebaki.

Nilimwambia umesema apande. Akaniuliza uko wapi. Nikasema uko Lokichogio. Akafumba macho, na hajalitaja jina lako tena.

Kidonda sasa kinaingia ngumi ya mtoto. Mwikali anachoma ubani asubuhi na jioni na hasemi kwa nini. Mimi nimeachishwa kazi tangu Jumatano, kwa hiyo habari ya kuchelewa imekwisha. Usidhani nina hasira. Hasira nilikuwa nayo Aprili. Siku hizi nachota maji, napika, namgeuza, nachota maji tena. Juzi nilijikata kidole nikakitazama kinatoka damu kama si changu, mpaka Mwikali akanipigia kelele.

Nataka kujua kitu kimoja tu. Watu huomba ruhusa kwa ajili ya mzazi mgonjwa na hupewa. Wewe uliomba ukanyimwa, au hukuomba?

Kanze


Lokichogio
27 Mei 1995

Kanze,

Sikuomba. Nitakwambia kwa nini, na ukimaliza kusoma ukitaka kunitukana, nitukane.

Tarehe nne Aprili nilikuwa nakaanga vitunguu. Karani wa redio akaingia jikoni akanishika bega. Binamu yetu Kaingu alikuwa amepiga simu ofisi yetu ya Nairobi kutoka Feri, anakouza miwa. Alisema Mzee Kitsao amepelekwa makaburini, watu wengi sana, na ameshazikwa. Nairobi wakanipitishia habari kwa redio.

Nililia, Kanze. Nililia mpaka nikatapika. Ndege siku ile haikuwapo, na mtu ameshazikwa, niwahi nini? Wenzangu wakanikalia matanga papa hapa. Walichinja mbuzi. Mkuu wetu, ambaye hacheki na mtu, alikaa chini nami mkekani akaomba. Nikanyoa kichwa. Wakanipa siku zangu za kufiwa, nikazimaliza nimeegemea ukuta wa ghala.

Kisha ikaja barua yako. Nikasoma mpaka mahali Baba alipomshika mtu sikio, nikangoja nicheke, au nifurahi. Hakikuja kitu. Nilikuwa nimeshamzika. Nilikaa na karatasi mkononi kama mtu aliyeletewa na dobi nguo zisizo zake.

Ningewaambia wenzangu siku ile ile ingekuwa kichekesho na ingekwisha. Nikasema nitawaambia kesho. Kesho yake akafukuzwa Ogutu wa ghala, kwa kuwa alimwua nyanya yake kwa mdomo ili apewe ruhusa, na nyanya akapiga simu mwenyewe kumtafuta. Mkuu akatusimamisha wote mstari, akasema anayedanganya msiba hana nafasi hapa. Akanionyesha mimi kwa mkono, akasema, "Kuna watu hapa wamefiwa kweli kweli, nyinyi mnachezea kifo." Wote wakanigeukia kwa huruma. Nikainamisha kichwa.

Sasa nikamwambie nini? Kwamba naomba ruhusa nikamwone marehemu? Nikifukuzwa dawa za Baba zitatoka wapi, na wewe sasa huna kazi? Hapa baba yangu amekufa. Watu bado wananiambia pole nikiwapakulia chakula, nami naitikia asante. Kuitikia kumekuwa rahisi, na hilo ndilo linalonitisha.

Usimsomee Baba barua hii.

Chengo


Majengo
13 Juni 1995

Kaka Chengo,

Nimemsomea. Alikuwa ananitazama usoni tangu nilipofungua bahasha, na mimi sina tena nguvu za kutunga uongo.

Nilipomaliza akaniuliza mbuzi alikuwa mkubwa kiasi gani. Nikasema hukuandika. Akauliza kama kweli mkuu wenu alikaa chini mkekani. Nikasema ndivyo ulivyosema. Akalia, kwa jicho moja, lile jingine si lake tena. Akasema, "Basi nimezikwa vizuri."

Asubuhi yake akaniambia nikamwite Joab alete kiti. Nikamwuliza, na Chengo je? Akasema, "Mtu aliyeshazikwa amwonee haya nani?"

Alikwenda jana. Alipita mbele ya baraza la msikiti amekaa, mwavuli juu, mdomo umepinda, na wale wanaume wakainuka, safari hii kumwamkia. Mzee yule aliyemfunua uso akampa mkono, Baba akampa wa kushoto, na yule akaupokea bila kinyongo. Joab amemwosha mwili mzima. Bi Mirriam aliponiita kunionyesha bandeji hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mmechelewa kidogo, lakini kitafunga." Ningependa angenigombeza.

Kaingu nilimfuata Feri kwenye miwa yake. Yeye mwenyewe hakuona kitu, alisikia tu kwa watu wakivuka. Alipopata ukweli akaona haya kupiga simu mara ya pili. Nikanunua muwa nikarudi nyumbani.

Baba anasema usiwaambie watu wako neno. Kaa na kazi yako. Desemba ukipata likizo uje, atakungoja. Mimi bado nimekukasirikia kidogo. Natamani hasira ingekuwa zaidi, angalau nijue kwamba ndani yangu mna mtu.

Kanze


Lokichogio
2 Julai 1995

Dada Kanze,

Niandikie vitu vidogo. Anakula nini huko. Anakaa na nani. Ameshika nini mkononi. Nikifumba macho naona kaburi ambalo halipo, na najua halipo, lakini macho yangu yamelizoea. Nataka nimtoe mle ndani.

Chengo


Majengo
20 Agosti 1995

Kaka Chengo,

Vitu vidogo hivi hapa. Anakula uji wa wimbi saa nne na wali wa nazi saa saba, na anamlalamikia mpishi chumvi. Nimemwambia kulalamika ni tabia yetu watoto wake. Anakaa na fundi cherehani mmoja wa Mji wa Kale aliyekatwa mguu kwa sukari. Wanacheza dama, na Baba huiba kete kwa ule mkono wa kushoto, na fundi anajua na humwacha. Bi Mirriam amefunga kamba mbili kutoka nguzo hadi nguzo. Baba husimama katikati akahesabiwa. Wiki iliyopita aliivuta miguu yake mpaka nguzo ya pili, Joab akipiga kelele kama mtu wa mpira.

Kidonda kimefunga. Mimi nimerudi Liwatoni, wamenichukua kibarua. Jana nilipokwenda kumchukua, alisema "Chengo" kwa sauti, na Seth, ambaye hajawahi kuelewa neno lake hata moja, akauliza, "Chengo ni nani?"

Sijui kama ninafurahi. Ninalala, hilo nalijua.

Kanze


Majengo
9 Oktoba 1995

Kaka Chengo,

Baba alifariki Jumanne, tarehe ishirini na sita Septemba. Alikuwa Nyumba ya Mchana, amekaa kwenye kiti, ameshakunywa uji. Fundi alikuwa anamngoja asogeze kete akadhani amesinzia. Bi Mirriam anasema presha ilipanda ghafla na hakuna ambaye angewahi. Alikuwa ameoshwa na amevaa lile shati lake la buluu.

Sikupiga simu. Nilikwenda mpaka posta, nikaingia kibandani, nikaushika mkono wa simu, nikaurudisha. Ningemwambia nini karani wa Nairobi? Kwamba Mzee Kitsao amekufa tena? Wangesema wewe na Ogutu ni kitu kimoja. Kaingu alitaka akapige yeye, nikamkataza, na mara hii alinisikia.

Tulimzika Kaloleni siku ya Jumamosi. Wajomba waliuliza yuko wapi mwenye kutupa udongo wa kwanza. Nikasema hana ruhusa. Walinitazama vibaya. Kaingu akautupa kwa niaba yako.

Mimi sijalia. Watu wanasifu kwamba ninajikaza. Sijikazi. Nakwenda kazini, narudi, nakuta kitanda kimetandikwa. Nafasi ya Baba amepewa mama mmoja wa nyuma ya soko, Joab humpitia na kiti asubuhi, nami nawasikia wakipita dirishani.

Nisamehe kwa kutokuita. Sikujua njia ya kukuita ambayo isingekufukuzisha kazi.

Kanze


Lokichogio
21 Oktoba 1995

Dada Kanze,

Barua yako ilinikuta jikoni kabla ya chakula cha mchana. Niliisoma nimesimama, nikaitia mfukoni, nikaendelea, kwa sababu wali ulikuwa motoni.

Ulifanya sawa kutopiga simu. Mimi mwenyewe ningekukataza. Nasema hivyo, na hapo hapo nakwambia kwamba ningetoa mkono wangu huu niutupe ule udongo.

Niliwapakulia wote. Sikumwambia mtu. Nilizunguka na upawa nikitafuta wa kumwambia, lakini kila niliyemtazama alishanipa pole yake Aprili. Matanga ya Baba yalishakaliwa, mbuzi wake alishaliwa, na nywele zangu zimeshaota.

Jioni mkuu alinikuta nyuma ya ghala nimekaa chini. Akauliza kuna nini. Nikamwambia nimemkumbuka baba yangu. Akachutama, akanishika bega kama mtu mwema alivyo, akasema, "Chengo, hii sasa ni zaidi ya miezi sita. Inabidi ujaribu kusahau."

Nikamwambia nitajaribu.

Chengo